Kutoka Msafara hadi Mgodi: Maneno ya Siku Iliyojaa katika Ukanda wa Shaba

Utangulizi

Makala haya yanahusu maneno machache ambayo wasemaji wa Kiswahili huyatumia wanapotaka kueleza kwamba siku yao imejaa na kwamba hawawezi kuongezewa jambo jingine. Mtu wa Unguja akialikwa mahali asikoweza kwenda, aghalabu husema hana nafasi, au ana shughuli. Kijana wa Nairobi husema yuko bize. Mkazi wa Fungurume au Kolwezi husema yuko na kazi, na kama amesoma kidogo, husema yuko okipe au yuko na programu. Wote wamekataa mwaliko, na hakuna aliyemkosea mwenzake adabu. Hata hivyo hawakusema jambo moja. Wa kwanza ameeleza hali ya mahali, kwamba hapana upenyo. Wa pili ameeleza hali yake mwenyewe. Wa tatu ametaja mamlaka iliyo juu yake.

Tunakusudia kuonyesha kwamba tofauti hizi hazikutokana na tabia ya makabila wala na siri iliyofichwa katika sarufi. Zina historia, na katika ukanda wa shaba historia hiyo inaweza kufuatwa hatua kwa hatua, kutoka misafara ya karne ya kumi na tisa hadi kampuni za madini za karne ya ishirini na hii ya sasa. Tutakaa zaidi kwenye neno posho, kwa sababu ndilo lililosafiri mbali kuliko mengine yote, na kwenye neno kazi, kwa sababu ndilo linaloumiza zaidi.

Tahadhari kuhusu lugha na wakati

Kabla ya kuendelea yafaa tuweke tahadhari moja. Elimu ya lugha imekwisha kuteleza mara mbili mahali hapa. Katika miaka ya 1930 Benjamin Lee Whorf wa Marekani alidai kwamba lugha ya Wahopi haina namna ya kueleza wakati kama sisi tunavyouelewa, na kwamba kwa hiyo Wahopi wanaishi katika ulimwengu wa namna nyingine. Dai hilo lilisomeshwa vyuoni kwa miongo mingi, mpaka Ekkehart Malotki alipochapisha mwaka 1983 kitabu kinene kilichojaa mifano ya maneno na viambishi vya wakati katika lugha hiyohiyo. Barani kwetu, John Mbiti aliandika mwaka 1969 kwamba Mwafrika wa jadi ana wakati uliopita mrefu na wakati ujao mfupi usiozidi miaka miwili hivi. Ushahidi wake mkuu ulikuwa njeo za vitenzi vya Kikamba na Kigikuyu, ingawa majina ya dhana zake, Sasa na Zamani, aliyachukua katika Kiswahili. Wanafalsafa wa Ghana, hasa Kwame Gyekye, walimpinga kwa kuonyesha kwamba hoja hiyo haikubaliki hata kidogo katika Kiakan.

Kwa maoni yetu kosa la Whorf na la Mbiti ni moja. Wote wawili walitazama sarufi na kuacha maisha. Njeo ya kitenzi haimfundishi mtu kuamka saa kumi na moja alfajiri. Anayemfundisha ni mwajiri, au mwezini, au ng'ombe anayetaka kukamuliwa, au king'ora cha kiwanda. Lugha huja nyuma ikiokota majina ya mambo hayo, na majina yakishaokotwa hudumu hata baada ya mwajiri kuondoka. Hapo ndipo yanapoanza kuwa na nguvu yao wenyewe.

Ushahidi kwamba msamiati peke yake hauamuru mwenendo umo katika methali zetu. Anayetaka kukaa husema haraka haraka haina baraka. Anayetaka kuondoka husema ngoja ngoja huumiza matumbo. Kiswahili kimewapa silaha wote wawili na kukaa pembeni.

Maneno ya msafara

Kiswahili hakikuja Lualaba pamoja na reli. Katikati ya karne ya kumi na tisa Msiri, mwana wa mfanyabiashara wa Unyamwezi, alijenga dola yake ya Garenganze, na mji wake mkuu, Bunkeya, hauko mbali na Fungurume ya leo. Misafara ya pembe na ya shaba ilipita huko ikielekea pwani ya mashariki na pwani ya magharibi. Msafara wa Kapteni Stairs, ambao wakati wake Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891, ulikuwa na mamia ya wapagazi walioandikwa Zanzibar na pwani ya bara.

Wapagazi hao walikuwa na ratiba ngumu kuliko ya wafanyakazi wengi wa leo. Waliondoka kabla ya jua kupanda, walitembea hadi joto lilipozidi, kisha wakapiga kambi. Palipokuwa na jangwa au pori lisilo na maji walilazimika kufanya kile walichokiita terekeza: wanapika mapema, wanaondoka mchana, wanalala njiani bila maji na kuyafikia siku ya pili. Neno hilo moja lilikuwa na maana ya mpango mzima wa saa ishirini na nne. Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 juu ya wapagazi, ameonyesha kwamba watu hao walikuwa wafanyakazi wa ujira hasa, wenye desturi zao za kazi, wakijua mzigo wa haki ni upi na mwendo wa haki ni upi, na wakigoma walipovunjiwa desturi hizo.

Katika msamiati wao tuyaokote maneno matatu tu: kambi, nyampara na posho. Kambi ni mahali pa kulala baada ya mwendo. Nyampara ni mkubwa wa kundi. Posho ni chakula cha mpagazi, au mara nyingi zaidi, kitambaa na shanga alizopewa ili ajinunulie chakula cha siku kadhaa. Posho ilikuwa ndiyo saa ya msafara. Siku zilihesabiwa kutoka posho moja hadi nyingine, na msafara uliochelewesha posho ulitoroka usiku.

Juma linalohesabiwa kutoka wapi?

Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilianza kuyeyusha shaba mwaka 1911. Watu wa kuchimba hawakutosha, na shirika la kuandikisha wafanyakazi, Bourse du Travail du Katanga, lilianza kuwatafuta vijijini tangu 1910, huku wengine wengi wakitoka Rhodesia ya Kaskazini. Mwanzoni Kiswahili hakikuwa lugha ya pekee ya migodi hiyo. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya lugha na mamlaka ya kikoloni, ameeleza jinsi kilivyopewa nafasi hiyo polepole, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na sababu za kisiasa zilizokuwamo: Wabelgiji waliogopa mvuto wa Waingereza na wa lugha za kusini.

Kilipopewa nafasi hiyo, Kiswahili kiliingia mgodini na msamiati wake wa msafara. Makazi ya wafanyakazi yakaitwa kambi, ingawa hakuna aliyeondoka humo asubuhi kwenda mbele. Mkubwa wa kundi akaitwa kapita, neno lenye asili ya Kireno ambalo nalo lilipita kwenye misafara. Chakula kilichogawiwa kila juma, unga wa mahindi kwanza kabisa, kikaitwa posho.

Hapa ndipo tunapofika kwenye jambo ambalo wanafunzi wetu hulitumia kila siku bila kulitazama. Kiswahili cha pwani huhesabu juma kutoka siku ya sala. Ijumaa ni siku ya kukusanyika. Inayofuata ni Jumamosi, ya kwanza baada yake, halafu Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Kisha inaingia Alhamisi, neno la Kiarabu lenye maana ya siku ya tano, kwa hiyo juma la pwani lina siku ya tano mara mbili, moja ya Kibantu na moja ya Kiarabu, na hakuna anayelalamika. Huku kwetu Kongo hesabu ni nyingine. Siku ya kwanza ni ile ambayo pwani huiita Jumatatu. Inafuata siku ya pili, ya tatu, ya nne, ya tano. Ya sita haikupewa namba. Inaitwa siku ya posho. Na ya saba ni siku ya yenga, neno lililo jamaa ya eyenga ya Kilingala, yaani sikukuu.

Msomaji aone kilichotokea. Mhimili wa juma umehama kutoka msikitini hadi ghalani. Siku tano zinafanana, hazina jina ila namba, kama namba ya matrikule iliyoandikwa kwenye kadi ya mfanyakazi. Zote zinatazama mbele, kwenye siku ambayo unga utapimwa. Kilingala kilifanya vivyo hivyo, na tena kikazidi: posho ikawa poso, ikamaanisha Jumamosi, halafu ikamaanisha juma zima. Anayesema mjini Kinshasa kwamba atarudi baada ya poso mbili anahesabu, bila kujua, mgao miwili ya chakula cha mpagazi.

Je, jina hili lilibadili namna watu walivyoibeba siku iliyojaa? Tunadhani lilibadili, lakini si kwa uchawi wa neno. Juma la pwani lina kituo chake kinachorudi na ambacho si cha mwajiri, na ndani ya siku yenyewe mna vituo vitano vyenye majina: alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi na isha. Mwenye duka Lamu anaweza kuwa na kazi nyingi sana, lakini siku yake imekatwa vipande na sauti ambayo yeye mwenyewe anaikubali. Katika kambi ya Union Minière sauti iliyokata siku ilikuwa king'ora, na zamu zilikwenda kwa namba: ya kwanza, ya pili, ya tatu, saa nane kila moja. Inafurahisha kuona kwamba Kiswahili cha Katanga kimehifadhi neno mangaribi kwa maana ya jioni. Sala haipo tena katika neno hilo. Kilichobaki ni giza linaloingia.

Neno zamu lenyewe lina safari yake. Mabaharia wa Kiarabu wa Bahari ya Hindi walipima mwendo wa jahazi kwa zam, kipimo cha saa tatu za kusafiri. Pwani ikalifanya kuwa kupokezana kwa walinzi, na baadaye kupokezana kwa wafanyakazi. Kwa hiyo hata zamu ya usiku ya mlinzi wa Mombasa ina chumvi ya bahari ndani yake.

Kazi, na kile kisichoitwa kazi

Mwishoni mwa miaka ya 1920 Union Minière iligeuza siasa yake. Badala ya kuwaandikisha watu kwa miezi michache na kuwarudisha, ilianza mwaka 1928 kutoa mikataba ya miaka mitatu na kuwaruhusu wafanyakazi kuja na wake zao. Wanahistoria huiita siasa ya kuwatuliza wafanyakazi. Kampuni ikatoa nyumba, zahanati, shule, na posho ya mume, ya mke na ya kila mtoto. Jambo hili lilikuwa na faida ya wazi, vifo vilipungua, na hatutaki kulidharau. Lakini lilileta pia maana mpya ya neno kazi.

Katika Kiswahili sanifu kazi ni jambo lolote linalomtoa mtu jasho. Kulima ni kazi, kupika ni kazi, kulea ni kazi. Katika Kiswahili cha kambi, kazi ilianza kumaanisha ajira, tena ajira yenye namba na posho. Fabian, ambaye alifanya utafiti Kolwezi mwaka 1966 na 1967, aliliona hili mapema na akaandika mwaka 1973 makala nzima juu ya neno kazi miongoni mwa wafanyakazi wa Jamaa, lile kundi la Kikatoliki lililoanzishwa na Padre Placide Tempels huko Ruwe, karibu na Kolwezi, baada ya yeye kufika mwaka 1953. Hata leo mwanamke wa Fungurume anayeamka kabla ya jogoo, akaenda shambani kilomita kadhaa, akarudi na kuni, akapika bukari, akaenda sokoni kuuza makaa mpaka mangaribi, atakwambia: "Bwana yangu anatumika, miye nalima tu." Ukimwuliza kama ana kazi, atajibu hana.

Hapo pana maneno mawili ya kupima. La kwanza ni hilo tu. Siku ya mama huyu imejaa kuliko ya mume wake aliye na zamu ya saa nane, lakini haina jina linaloweza kutajwa kama udhuru. Mume akiitwa kwenye kikao cha ukoo anaweza kujibu kwamba yuko na kazi, na kikao kitaahirishwa. Yeye akiitwa, atakwenda.

La pili ni kutumika. Mgeni kutoka Dar es Salaam akisikia mtu anasema anatumika mgodini, hushtuka, kwa kuwa kwake kutumika ni kufanywa chombo. Shina ni tuma, ndugu yake mtumwa na mtumishi. Wako wasomi ambao wangependa kuona katika neno hili kiri ya utumwa iliyofichwa. Sisi hatukubaliani nao. Msemaji wa Katanga hasikii mtumwa katika kutumika, kama vile msemaji wa Dodoma hasikii mtumwa anapomtaja mtumishi wa umma. Asili ya neno si maana yake. Kinachofaa kuchunguzwa ni neno linaweza kukaa na nani: baba anatumika, mtoto akimaliza shule atatafuta mahali pa kutumika, mama hatumiki. Mipaka ya matumizi ndiyo yenye habari.

Wala tusidhani kwamba wafanyakazi walilipokea neno la kampuni kama lilivyo. Desemba 1941, wakati wa vita, bei zilipopanda na mishahara kubaki nyuma, waligoma. Tarehe 9 Desemba, huko Elisabethville, askari waliwafyatulia risasi waliokusanyika kwenye uwanja wa mpira na kuua watu kwa makumi. Posho haikuwa imekoma. Kilichodaiwa kilikuwa fedha, yaani haki ya kupanga siku na jikoni bila kupimiwa. Na huko vijijini, ambako hapakuwa na posho, serikali ilihesabu siku kwa namna yake: sheria ya mwaka 1917 ililazimisha siku 60 za kulima mazao ya lazima kila mwaka, na mwaka 1942 siku hizo zikaongezwa kufikia 120. Mkulima aliyeambiwa kwamba hana kazi alikuwa na siku 120 ambazo hazikuwa zake.

Kibarua na kipande: mfano wa pwani na wa Kenya

Ili tuone kwamba mambo yangeweza kwenda njia nyingine, tutazame mashariki kidogo. Kibarua ni barua ndogo. Zanzibar na Mombasa katika karne ya kumi na tisa mtu aliyekodiwa kwa siku, mara nyingi mtumwa aliyekodishwa na bwana wake kwa nyumba za biashara, alipewa kijikaratasi cha kuonyesha jioni ili alipwe. Jina la karatasi likawa jina la kazi, kisha jina la mtu. Utumwa ulipokwisha kibarua alibaki, na sasa karatasi ilikuwa yake. Frederick Cooper, katika utafiti wake juu ya bandari ya Mombasa, ameeleza jinsi makuli wa bandarini walivyopenda kufanya kazi siku wanazozichagua, na jinsi wakubwa wa serikali walivyowaona kuwa wavivu na hatari. Baada ya mgomo mkuu wa Januari 1947 serikali ilijitahidi katika miaka ya 1950 kuwafuta vibarua na kuweka mahali pao wafanyakazi wa kudumu. Leo mtu anaposema "hiki ni kibarua changu tu", husikika kama anajishusha. Lakini babu yake bandarini alikuwa na neno lililomruhusu kusema kesho siji.

Kipande ni kisa cha namna nyingine. Katika mashamba ya Tanganyika na ya walowezi wa Kenya kipande au tikiti kilikuwa kadi ya siku thelathini za kazi. Mfanyakazi hakulipwa kwa mwezi wa kalenda, alilipwa kadi ilipojaa, hata kama ilichukua siku arobaini. Neno kujaa tunalolitumia leo kwa ratiba lilikuwa na maana nzuri hapo: kadi iliyojaa ni mshahara. Lakini nchini Kenya jina hilohilo lilipewa cheti cha utambulisho kilichowekwa na sheria ya mwaka 1915 na kutekelezwa baada ya vita, ambacho kila mwanamume Mwafrika alilazimika kukivaa shingoni ndani ya kijikasha cha bati. Neno halikubadilika, ila kile kilichokuwa hesabu ya siku kikawa kamba.

Na posho? Nchini Uganda ni ugali, basi. Kenya inajulikana zaidi kwa mashine ya kusagia. Tanzania imefanya maajabu: posho ni malipo ya kikao, ya safari na ya semina, na mwaka 2011 bunge lilibishana kwa ukali kama wabunge wapokee posho za kukaa ndani ya ukumbi ambao wanalipwa mshahara kukaa. Mpagazi wa Bagamoyo angewaelewa upesi. Siku ya mtumishi wa ofisi hujaa vikao kwa sababu kikao kina posho. Palipo na posho, wingi wa shughuli huacha kuwa mzigo na huwa neema. Ratiba nayo inatokana na Kiarabu, na jamaa yake katika lugha hiyo, ratib, ni mshahara. Katika ofisi nyingi maana mbili zimekutana tena.

Baada ya king'ora kunyamaza

Tarehe 1 Januari 1967 mali za Union Minière zilichukuliwa na serikali, na kampuni iliyozaliwa ikaja kuitwa Gécamines. Katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Mwezi Septemba 1990 sehemu kubwa ya mgodi wa chini wa Kamoto, Kolwezi, iliporomoka. Yaliyofuata yanajulikana: machafuko, mashine bila vipuri, mishahara isiyolipwa kwa miezi na miezi. Mwaka 2003 wafanyakazi 10,655 waliondolewa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, kwa fedha za Benki ya Dunia. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu aliipa kitabu chake cha mwaka 2001 jina linalosema yote: wana wa shaba wameachwa na baba yao.

Ilikuwa ajabu kwa lugha pia. Wanaume waliosema miaka thelathini kwamba wako na kazi sasa walikuwa na siku tupu, na walikosa jina la utupu huo, kwa sababu neno mapumziko lilikuwa mali ya kampuni. Wake zao, ambao hawakuwa na kazi, ndio waliolisha nyumba kwa shamba, kwa unga wa kuuza kwa kipimo, kwa makaa. Kwa muda wa miaka kumi na zaidi uchumi wa miji hii uliendeshwa na watu ambao Kiswahili cha kambi kilikuwa kimewaandika kama wasiofanya kitu. Mtu angetarajia neno lipanuke. Halikupanuka. Yalizuka maneno mengine: kujitafutia, kutafuta maisha, Kinshasa walisema kupiga jiwe kwa Kilingala chao, kobeta libanga, na Dar es Salaam walikuwa na kubangaiza na mishemishe. Yote yanaeleza siku iliyojaa hadi pomoni, na hakuna hata moja linaloipa heshima ya kazi.

Fungurume ina historia yake fupi ndani ya hii ndefu. Madini yake yalijulikana zamani, lakini kampuni iliyoundwa mwaka 1970 kuyachimba ilisimama mwaka 1976, bei ya shaba ilipoanguka na reli ya Benguela kufungwa na vita vya Angola. Uchimbaji mkubwa ulianza mwaka 2009, na mwaka 2016 mgodi ulinunuliwa na kampuni ya Kichina. Mji ukajaa watu waliokuja kutafuta. Wengi hawakuandikwa na mgodi, waliandikwa na makampuni madogo yanayoufanyia mgodi shughuli, kwa mikataba mifupi, na jina lao ni la Kifaransa, journalier, mtu wa siku. Ni kibarua tena, lakini bila kile kijikaratasi na bila haki ya kusema kesho siji, maana nyuma yake wamepanga foleni wengine.

Nafasi ni neno ambalo lingeweza kutusaidia, na ni hasara kwamba hapa limebaki zaidi kwa maana ya nafasi ya kazi. Asili yake ni Kiarabu, ukoo mmoja na nafsi, na maana ya kale ni pumzi. Anayesema pwani kwamba hana nafasi anasema hana mahali pa kuvuta pumzi, na anayejibiwa hivyo humwonea huruma badala ya kumwonea wivu. Shughuli nayo, pwani, ni pamoja na harusi na matanga. Mtu mwenye shughuli amezungukwa na watu. Yuko bize na yuko okipe hayana watu ndani yake. Tumesikia wanafunzi wakiyatamka kwa namna ya kujisifu, kama cheo, na hapo tunaona nguvu halisi ya uchaguzi wa maneno: si kwamba okipe huongeza saa za kazi, ila humfanya mtu aone aibu kuwa na saa iliyo wazi.

Vijana wa Fungurume leo husema samedi, na saa wanazitaja kwa namba za Kifaransa. Siku ya posho inabaki kwa wazee, na magunia hayapimwi tena. Wanawake waliosimama kwenye mistari ya posho kabla ya uhuru wa mwaka 1960 na bado wako hai wamepita miaka themanini. Wanaume wa kizazi hicho tayari wamehojiwa na Fabian, na Dibwe, na wengine. Mwaka 1965 watumishi wa nyumbani wa Elisabethville hata walijiandikia historia yao wenyewe kwa Kiswahili cha Katanga, chini ya jina la André Yav. Wake zao, mintarafu majina waliyoyapa masaa ya siku zao, yaani saa ya mstari, saa ya mto, saa ya kumngojea mtu wa zamu ya usiku, hawajaulizwa vya kutosha. Idara zetu zina wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu kila mwaka, na vinasa sauti sasa vimo ndani ya simu zao.